Wapenzi wa Kuazima: Namna ya Kuwaandika Bila Kuwasaliti

Katika sura ya 37 ya riwaya ya Jane Eyre, wapenzi waliopotezana wamekutana tena. Edward Rochester amekuwa kipofu, mkono mmoja hana, na jumba lake la Thornfield limebaki magofu ya moto. Anamsimulia Jane kwamba usiku wa Jumatatu iliyopita, saa sita ikikaribia, alimwita kwa jina mara tatu kwa uchungu, na sauti ikamjibu kutoka mbali. Jane anaijua habari hiyo kuliko anayeisimulia. Usiku uleule, saa ileile, aliusikia wito huo, na maneno aliyoyasikia Rochester ni yaleyale yaliyotoka kinywani mwake yeye. Ana nafasi ya kumwambia. Hamwambii. Anawaeleza wasomaji tu kwamba akili ya mtu aliyeteseka kiasi kile haikuhitaji kuongezewa kiza cha mambo yasiyoelezeka. Sura moja mbele, ya mwisho, Jane huyohuyo anasema wameoana miaka kumi na kila mmoja anamwamini mwenzake kwa yote.

Charlotte Brontë alichapisha riwaya hiyo mwaka 1847 kwa jina la Currer Bell, na ndani ya kitabu hakuna mstari unaosema kama Jane alikuja kufunguka. Pengo hilo lina upana wa miaka kumi ya ndoa. Kwa anayeandika hadithi za mashabiki, yaani hadithi mpya zinazotumia wahusika wa mwandishi mwingine, pengo kama hilo lina thamani kuliko vita na majoka yote ya ulimwengu wa kubuni. Limeachwa wazi na mwandishi mwenyewe, na linawahusu watu wawili wanaopendana.

Mwongozo huu unakuhusu wewe uliyerudia kitabu au filamu mpaka ukawa unawasikia wapenzi wake wakizungumza kichwani, na sasa unataka kuandika walichoambiana au walichofichana. Hoja yake ni moja. Kazi ya mtu haisalitiwi na shabiki anayebadili matukio. Inasalitiwa na shabiki anayewafanya wapenzi waambiane ukweli bure, bila yeyote kati yao kupoteza kitu.

Kanoni ina matabaka

Kuzungumzia kanoni, yaani yale yanayohesabiwa kuwa sehemu halali ya kazi, katika hadithi za kubuni kulianza kwa mchezo wa wasomi. Mwaka 1911 Ronald Knox aliwasomea wenzake wa Oxford makala iliyozichambua hadithi za Sherlock Holmes kwa mbinu zilezile zilizokuwa zikitumika kuichambua Biblia, na mchezo ukanoga. Mpaka leo wapenzi wa Holmes wanahesabu riwaya 4 na hadithi fupi 56 za Arthur Conan Doyle. Hizo 60 ndizo kanoni, na alichoandika mwingine yeyote, hata kikipendeza vipi, kiko nje. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia katika vitabu vya Kiswahili na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ana kiko chake na ana Najum wa kuandamana naye, na msomaji wa Holmes anauona undugu mara moja. Lakini huyo ni mtu mwingine, wa Unguja, mwenye kanoni yake mwenyewe.

Kazi chache zina mpaka safi kama huo. Ndiyo maana jambo la kwanza kabla ya kuandika sentensi moja ni kutenganisha matabaka: tendo lililoonyeshwa, neno lililosemwa na mhusika, maelezo ya mwandishi nje ya kitabu, na yale ambayo mashabiki wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe. Wanaoanza huyachanganya yote, halafu wanashangaa kwa nini mpenzi waliyemwandika hafanani na yule waliyempenda.

Chukua Star Trek, kipindi cha televisheni cha Marekani kilichoanza tarehe 8 Septemba 1966. Waulize mashabiki wake kama Mvulkani, yaani mtu wa jamii ya mhusika wake Spock, husema uongo. Wengi watakujibu kwamba hasemi. Lakini tazama sehemu iitwayo The Enterprise Incident, ya mwaka 1968. Kamanda wa Waromulani, mwanamke mwenye akili na madaraka, anamuuliza Spock kama ni hadithi tu kwamba Wavulkani hawawezi kusema uongo. Spock anamjibu kwamba si hadithi. Wakati anamjibu hivyo, yuko katikati ya hila: kazi yake ni kumshughulisha kamanda huyo, kwa mahaba ikibidi, ili nahodha Kirk apate mwanya wa kuiba chombo kinachoificha meli ya Waromulani isionekane. Kauli ambayo mashabiki wameigeuza kuwa sheria ya maumbile ilitoka katika kinywa cha mtu aliyekuwa akidanganya dakika ileile, na aliyekuwa akimdanganya ni mwanamke aliyeanza kumpenda.

Ukimwandika Spock asiyeweza kumficha mpenzi wake jambo, umefuata maneno yake ukaacha matendo yake. Tendo ndilo lenye uzito. Na usisahau mwisho wa sehemu hiyo. Kamanda ametekwa, yuko kwenye Enterprise, meli ya akina Spock, na Spock anamsindikiza huku akimdokeza kwamba siri za kijeshi hazidumu, ila anatumaini walichopeana wao wawili kitadumu zaidi. Je, hapo anasema kweli? Kipindi hakikujibu, na hicho ndicho kiti kilichoachwa kwa ajili yako.

Tabaka la maelezo ya mwandishi nje ya kitabu linahitaji msimamo, si woga. Mwaka 2014 J. K. Rowling alisema katika mahojiano na jarida la Wonderland kwamba kuwaoanisha Hermione na Ron wa vitabu vya Harry Potter kulitokana na matamanio yake mwenyewe kuliko mantiki ya hadithi. Kauli hiyo haikufuta ukurasa hata mmoja. Katika kitabu cha saba, cha mwaka 2007, wawili hao wako kituo cha treni na watoto wao. Lichukulie neno la mwandishi la nje kuwa ushahidi wa shaka iliyokuwamo tangu mwanzo, litumie kama linakufaa, lakini usimwambie msomaji kwamba ndoa ile haikuwapo.

Tabaka la nne, la mashabiki wenyewe, lina mfano unaowagusa wasomaji wa Kiswahili kwa karibu. Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alipata jina lake kutokana na uhuru, na kwa misimu mitatu ya kipindi cha awali hakuna aliyemtaja kwa jina la kwanza. Jina Nyota lilitokea katika kitabu cha William Rotsler cha mwaka 1982, likaenea katika riwaya na katika hadithi za mashabiki, na wengi wakalitumia kama jambo lisilo na ubishi. Lilikuja kutamkwa kwenye skrini katika filamu ya mwaka 2009. Humo Kirk anahangaika kulijua tangu mwanzo, naye Uhura anamnyima. Mwishowe analisikia kwa Spock, na papo hapo anaelewa kwamba wawili hao ni wapenzi. Jina lililokuwa pembeni ya kanoni kwa miaka 27 liliingia ndani kama siri ya wapenzi iliyofichuka. Kwa hiyo usilidharau tabaka la mashabiki, lakini andika ukijua wazi kwamba umesimama juu yake.

Daftari la nani anajua nini

Sasa fungua ukurasa mtupu uchore safu nne: siri yenyewe, anayeijua, ameijua tangu lini, na atapoteza nini ikifichuka. Hakuna chombo kingine chenye faida kama hiki kwa mwandishi wa hadithi za mapenzi ya kuazima. Wanaokiruka huishia kuandika mhusika anayeshtuka kwa habari aliyoambiwa sura mbili nyuma.

Jaza safu hizo kwa Thornfield uone. Siri kubwa ni kwamba Rochester ana mke, Bertha Mason, aliyemwoa Jamaika miaka 15 kabla na sasa amemfungia ghorofa ya tatu. Nani anajua? Yeye mwenyewe; Grace Poole anayelipwa kumlinda; Richard Mason, kaka yake Bertha; Carter, daktari anayeitwa usiku kufunga majeraha. Siri ya mtungi aijuaye kata, na humo ndani kata ni Grace Poole. Bibi Fairfax, msimamizi wa nyumba, anashuku bila kujua kwa uhakika, na tofauti hiyo kati ya kushuku na kujua iandike, kwa sababu inabadili kila neno anaposema na Jane. Jane hajui lolote, ingawa amesikia kicheko, ameona moto chumbani kwa Rochester, na siku mbili kabla ya harusi ameamka akamwona mtu akichana shela yake. Alipouliza, Rochester alimwambia kwamba nusu ilikuwa ndoto na nusu ni Grace Poole.

Endelea kujaza, maana hapo ndipo daftari linapoanza kulipa. Nani aliyeifichua siri? Jane mwenyewe, bila kukusudia. Alimwandikia ami yake John Eyre, huko Madeira, kumjulisha kwamba anaolewa. Mason alikuwa amepita Madeira akirudi Jamaika, habari ikamfikia, na siku ya harusi wakili Briggs kutoka London akasimama kanisani kuizuia ndoa. Mwanamke asiye na hila aliandika barua ya furaha, na barua hiyo ikaibomoa nyumba ya uongo. Anayetaka kuandika usiku ule Jane aliouandika waraka huo, au Rochester akiutazama bila kuusoma, ameshapata hadithi yake.

Na usiache safu ya Jane ikiwa tupu kwa sababu unampenda. Baada ya kutoroka Thornfield alijiita Jane Elliott mbele ya ndugu wa familia ya Rivers waliomwokoa. Aliporudi kwa Rochester alimtesa kidogo kwa wivu, akimpa habari za St John Rivers nusunusu. Halafu kuna ile sauti ya usiku asiyoitaja. Jane ni mkweli kuliko Rochester kwa kiasi kikubwa, lakini si mkweli mtupu, na ukimwandika malaika utampoteza.

Daftari hili linafanya kazi hata pale ambapo anayedanganya si binadamu. Sehemu ya kwanza kabisa ya Star Trek kurushwa hewani, The Man Trap, ina kiumbe kinachojigeuza sura ya mtu ambaye muathiriwa anamtamani. Kwa daktari McCoy kinakuja kama Nancy, mpenzi wake wa zamani. Kwa Uhura, mpweke ndani ya meli, kinakuja kama kijana mweusi mtanashati na kuzungumza naye kwa Kiswahili. Nancy wa kweli amekwisha kufa, ameuawa na kiumbe hicho, na mumewe, Profesa Crater, anajua; anaishi nacho akijua. Jaza safu ya Crater polepole. Hadithi ya mume anayekula meza moja na uongo wenye sura ya mkewe, akijua kuwa ni uongo, inasubiri mtu wa kuiandika.

Ukweli una bei

Tukio la kukiri ndilo mashabiki wengi huliandika kwanza, na ndilo linaloharibika upesi. Mpenzi mmoja anakaa kitandani, anatokwa na machozi, anasema yote, mwenzake anamkumbatia, basi. Hakuna kilichosogea. Ili uepuke hilo, jiulize swali moja kuhusu namna: amekiri mwenyewe, amebanwa akakiri, au amekamatwa? Hizo ni hadithi tatu tofauti hata kama siri ni ileile.

Rochester amekamatwa. Baada ya kanisani anaeleza kila kitu, na anaeleza vizuri: jinsi baba na kaka yake walivyompangia ndoa ya mahari ya pauni 30,000, jinsi alivyofichwa ugonjwa wa familia ya mkewe. Maelezo yake yanaingia moyoni. Jane anamsamehe papo hapo, ndani ya nafsi yake, na bado alfajiri anaondoka. Mwandishi mchanga anadhani msamaha na kubaki ni kitu kimoja. Brontë alivitenganisha, na riwaya nzima imesimama juu ya utengano huo.

Darcy wa Jane Austen, katika Pride and Prejudice ya mwaka 1813, anakiri mwenyewe, tena baada ya kukataliwa, wakati ambapo hana tena cha kuvuna. Anamwandikia Elizabeth barua. Anakubali kwamba alimtenga rafiki yake Bingley na dada yake Elizabeth, na kwamba alimficha Bingley kuwa binti huyo yuko London. Kisha anamfungulia siri ya familia: Wickham aliwahi kupanga kumtorosha Georgiana, dada yake Darcy mwenye umri wa miaka 15, kwa tamaa ya mali yake. Angalia alichokifanya. Amemkabidhi mwanamke aliyemtukana jana yake heshima ya mdogo wake. Barua ikisambaa, Georgiana ameharibikiwa. Hiyo ndiyo bei, na ndiyo inayomfanya Elizabeth aanze kumwamini. Naye Elizabeth anaitunza siri, na kuitunza kwake kunazaa msiba mwingine: kwa kuwa hakuwaonya watu juu ya Wickham, mdogo wake Lydia anatoroka na mtu huyohuyo. Ukiandika wapenzi wanaotunziana siri, wape na wao Lydia wao.

Spock anabanwa. Katika Star Trek Into Darkness, filamu ya mwaka 2013, amekubali kufia ndani ya volkano kwa utulivu uliomuumiza Uhura kuliko hatari yenyewe. Uhura hangoji faragha. Anamkabili ndani ya chombo kidogo kinachokwenda kwa maadui, Kirk akiwa kando yao, hana pa kukimbilia. Spock anaeleza kwamba aliiunganisha akili yake na ya mkubwa wao Pike aliyekuwa akikata roho, akaonja woga na upweke wake, vitu alivyokwisha kuvionja mara nyingi zaidi siku sayari yake ilipoangamia, na akaamua asivihisi tena. Anamwambia kwamba kukataa kwake kuhisi kusichukuliwe kuwa kutojali. Ukweli ni kinyume chake. Hakuna chozi wala neno tamu, na hoja imejengwa kama ya hesabu. Hata hivyo ni moja kati ya maungamo bora ya mapenzi katika filamu za aina hiyo, na mwandishi wa hadithi za mashabiki anapaswa kuitazama zaidi ya mara moja akiwa na kalamu mkononi.

Kuna uongo wa aina moja unaostahili onyo: uongo wa kumlinda mpenzi. Katika New Moon ya Stephenie Meyer, riwaya ya mwaka 2006 katika mfululizo wa Twilight, Edward anamwambia mpenzi wake Bella kwamba hamtaki tena, ili aondoke na hatari zake. Uongo huu unampendeza mwandishi kwa sababu humwacha mwongo akiwa shujaa. Usimpe raha hiyo. Mhesabie mdanganywa kila siku aliyoishi ndani ya uongo ule, uziandike siku hizo, ndipo umrudishe mwongo mlangoni.

Mwanamke wa ghorofa ya tatu

Mfano mkubwa kuliko yote wa kuandika upya wapenzi wa mtu mwingine haukutoka kwenye jarida la mashabiki. Jean Rhys, aliyezaliwa Dominica mwaka 1890, aliisoma Jane Eyre kama mtu wa Karibi na hakuridhika na mwanamke aliyefungwa juu, asiye na sauti, anayejulikana kwa maneno ya mumewe tu. Mwaka 1966 akachapisha Wide Sargasso Sea. Humo Bertha anaitwa Antoinette, ana utoto, ana nyumba iliyochomwa moto, ana mama aliyevunjika akili baada ya kufiwa na mwanawe. Mume hatajwi kwa jina hata mara moja, na yeye ndiye anayembandika mkewe jina Bertha bila ridhaa yake.

Isome kama somo la ufundi. Rhys hakubadili mwisho. Moto wa Thornfield unamngojea Antoinette kama ulivyo kwa Brontë. Alichobadili ni tarehe: aliisogeza ndoa mpaka baada ya sheria ya mwaka 1833 iliyokomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza, kwa sababu alitaka chuki na umaskini wa miaka hiyo viwe ndani ya chumba cha maarusi. Na aligawa uongo pande zote mbili. Antoinette hakumweleza mumewe ukweli wa mama yake. Mumewe anaupata kupitia barua ya Daniel Cosway, mtu mwenye kinyongo, na anauamini uchongezi kabla ya kumsikiliza mke. Antoinette anapoamua kusema yote, amechelewa, kwa kuwa barua imeshamtangulia.

Hapo kuna kanuni ya kazi unayoweza kuichukua leo: ukweli uleule, ukiletwa na mtu wa tatu, hugeuka kuwa ushahidi wa mashtaka. Chagua kwa makusudi nani anafika kwanza, mpenzi au mchongezi.

Wasomaji wa Kiswahili wana uwanja wao wa kujifunzia jambo hili. Katika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, Yasmin anampenda Denge, mwanaharakati anayesakwa na dola ya kikoloni Zanzibar. Mtu anayeingiza magazeti yaliyopigwa marufuku hawezi kumweleza mpenzi wake kila anakokwenda, na ukimya wake ni upendo na ni dharau kwa wakati mmoja. Amil Shivji aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 2021. Kwa hiyo anayetaka kuwaandika wawili hao lazima aamue anafuata kanoni ipi, ya kitabu au ya filamu, wala asiokote nusu huku na nusu kule bila kujijua.

Sauti

Jane humwita Rochester bwana. Anamwita hivyo akiwa mwalimu wa mtoto anayelelewa nyumbani kwake, anaendelea baada ya uchumba, na bado anamwita hivyo anapomkuta kipofu. Mwezi wa uchumba alikataa hariri na vito, akamchokoza makusudi ili asimezwe. Ukimfanya aseme mpenzi wangu ukurasa wa pili, umemuua. Akija kulisema ukurasa wa hamsini, msomaji ataruka kitini. Orodhesha namna wapenzi wako wanavyoitana katika kanoni, na kila unapobadili, jua kwa nini.

Soma tukio la kukiri kwa sauti. Kisha lifute, uisome hadithi bila tukio hilo. Ikiwa yanayofuata yanaendelea vilevile, hapakuwa na siri yoyote, palikuwa na mazungumzo tu.

Jihadhari pia na mgeni anayependwa na wote. Mwaka 1973 Paula Smith aliandika kihadithi kifupi cha kuwakejeli waandishi wenzake wa Star Trek, kikiwa na luteni Mary Sue, binti mdogo mwenye kila kipaji, ambaye kila mtu anamwabudu. Jina hilo limebaki kuwa dawa ya kupimia. Ukiona wahusika wa kanoni wanapanga foleni kumfungulia moyo mhusika uliyemwongeza wewe, kata.

Ukiivunja kanoni, sema

Kuivunja kanoni si kosa. Jane anaweza kubaki Thornfield. Darcy anaweza asiandike barua. Linalotakiwa ni kumweleza msomaji mlangoni, na mashabiki wamejenga utaratibu mzuri kwa ajili hiyo. Archive of Our Own, hifadhi inayoendeshwa na watu wanaojitolea chini ya shirika lililoundwa mwaka 2007, ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2009 na ikapata tuzo ya Hugo mwaka 2019. Kila hadithi humo hubandikwa lebo: kazi ya asili, wapenzi wanaohusika, mahali kanoni inapoachwa. Kwa mambo mazito kama ubakaji au kifo cha mhusika mkuu, mwandishi anatakiwa aonye, au aseme wazi kwamba amechagua kutoonya. Chaguo hilo la pili ni la busara sana: msomaji anajua kwamba kuna asichoambiwa, na anaingia kwa hiari yake. Tumia lebo hata kama unawaandikia marafiki wachache kwenye simu. Sentensi moja juu ya hadithi inatosha: baada ya sura ya 26, Jane hakuondoka.

Kuhusu sheria, kagua miaka. Austen alifariki mwaka 1817 na Brontë mwaka 1855. Wahusika wao ni wa kila mtu. Rhys alifariki mwaka 1979, na kwa kuwa Uingereza hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, Bertha wa Brontë ni wako lakini Antoinette wa Rhys bado ana wenyewe. Holmes alikuwa huru mapema Uingereza, ila hadithi zake za mwisho zilitoka katika ulinzi wa Marekani tarehe 1 Januari 2023. Waandishi walio hai, wakiwemo wa Kiswahili, waombe ruhusa kabla hujauza. E. L. James aliianza Fifty Shades of Grey, ya mwaka 2011, kama hadithi ya mashabiki wa Twilight, na alibadili majina kabla ya kuiuza kama kitabu. Njia hiyo ipo, ingawa mara nyingi hadithi iliyoandikwa kwa ajili ya wapenzi fulani hupungukiwa damu wanapobadilishwa majina.

Kanoni nayo hubadilika baada yako. Mara Jade, aliyeingia katika riwaya za Star Wars mwaka 1991 akiwa na amri ya kumuua Luke Skywalker na akaja kuwa mke wake, aliondolewa katika kanoni pamoja na ndoa yake Aprili 2014, kampuni inayomiliki Star Wars ilipoamua riwaya za zamani zisihesabiwe tena. Mashabiki wa Twilight waliandika upande wa Edward kwa miaka, kisha mwaka 2020 Meyer mwenyewe akautoa, katika Midnight Sun. Yakikutokea hayo, usiifute hadithi yako wala usiilazimishe kufuata kitabu kipya. Weka juu yake mwaka ulioiandika na kanoni uliyokuwa ukiifuata siku hiyo, kisha chukua daftari lako ukague kitabu kipya kimefichua siri zipi, na zipi zimebaki.